Siku Kabazi Walipotoka Sare

Landi ya Reli,
Nakuru.
Jumapili, 3 Novemba 1957

Kwa dada yangu mpendwa Namalwa,

Kwanza nakuamkia, yaya wangu. Kama barua hii imekukuta ukitoka shambani, nawa mikono, tafuta kiti na ukae, kwa maana ni ndefu na sitaki uisome ukiwa umesimama kama mtu anayengoja basi. Habari za hapo Kimilili? Mguu wa shemeji umepona? Na Baba, bado anatupa dawa za zahanati na kunywa za mizizi, au sasa amezeeka hata anakubali zote mbili? Mwambie nilimwota juzi akinigombeza, kwa hiyo najua ni mzima.

Sisi huku hatujambo, Mungu ametushika. Wamalwa amepanda darasa la pili na sasa anatusahihisha wote nyumbani, hata wageni. Kikohozi cha Nekesa kimekwisha, namshukuru jirani yangu Anyango aliyemsugua kifua kwa mafuta ya kondoo mpaka mtoto akanuka kama zizi. Cherehani uliyonipa ingali inaimba. Nilikuandikia mwaka jana kwamba kanyagio lake linalia. Siku hizi halilii tena, na sababu yake utaijua mbele ya barua. Hiyo cherehani ndiyo iliyonitia katika mambo haya, na kwa kuwa wewe ndiye uliyenipa, kama kuna lawama tutagawana.

Umeniuliza kama ni kweli ulivyosikia kwa yule kijana wa kwa Khaemba aliyepita hapa akitoka Nairobi, kwamba nimewashonea nguo wapinzani wa mume wangu mwenyewe, na ya kwamba mume alinyang'anywa kombe kwa sababu yangu. Aliyekuletea habari alikuletea mkia akaacha ng'ombe njiani. Acha nikuletee ng'ombe mzima.

Huku kuna mchezo unaitwa kriketi. Wazungu na Wahindi wameucheza hapa miaka mingi, na juzi juzi umefika kwetu pia. Mtu mmoja anatupa mpira, mwingine analinda vijiti vyake kwa ubao, na wengine wametawanyika juani wakisimama kama watu waliotumwa chumvi wakasahau duka liko wapi. Anayepiga akikimbia kutoka upande huu mpaka upande ule anahesabiwa mbio moja. Timu ya kwanza inapiga mpaka watu wake watolewe, halafu ya pili inapiga ikitafuta kuzipita zile mbio. Sasa sikia ajabu yake. Kama jua limetua au mvua imenyesha kabla ya timu ya pili kuzifikia zile mbio au kutolewa wote, basi hakuna aliyeshinda. Watu wameshinda hapo kutwa nzima, wameungua shingo, halafu wanaambiwa waende nyumbani, hakuna kitu. Huku tunaita droo.

Aliyetuletea mchezo huo ni Bwana D'Mello, karani mkuu wa stesheni, Mgoa mmoja mwembamba mwenye heshima na maneno mengi. Aliona vijana wa reli wakimaliza Jumapili zao kwenye pombe, akatafuta kombe, akatoa mkeka wa kutandika pale mpira unapodundia, akaita timu nne: Reli, kiwanda cha unga cha hapa mjini, stesheni ya Longonot, na vibarua wa shamba moja la Mzungu kule Kabazi, juu ya Subukia. Kapteni wa Reli ni Khisa. Ndiyo, dada, ni yule yule shemeji yako asiyesema. Mimi mwenyewe nilicheka nilipoambiwa, nikauliza ataamrisha watu kwa kutumia nini. Kumbe anaamrisha kwa kidole, kama anavyofanya kazini, na wanamfuata.

Kazi yake unaijua. Yeye ni mtu wa pointi pale kwenye makutano. Gari moshi likitoka Nairobi, yeye ndiye anayegeuza vile vyuma ili hili liende Kisumu na lile liende Eldoret. Bwana D'Mello alipoanza kuzungumza habari za pointi za kombe, nilidhani amemfuata Khisa kwa mambo ya kazi.

Siku moja Bwana D'Mello alileta suruali zake nyeupe nizipunguze kiuno, akakaa barazani kwetu akaanza hadithi zake. Alieleza kwamba mataifa makubwa hucheza kriketi hiyo hiyo siku tano mfululizo, na bado wanaweza kurudi nyumbani bila mshindi. Alisema juzi juzi tu India na Pakistani walikutana mara tano, na zote tano hakuna aliyemshinda mwenziwe, na hapa Nakuru wenye maduka walikuwa wamekesha na redio bure. Akasema tena kwamba Waingereza na Waaustralia wakimaliza sawa kwa sawa, kombe linabaki kwa yule aliyekuwa nalo tangu zamani. Na hakuna ubingwa wa wote, kila taifa linapatana na limtakaye, mmoja anaalikwa kila mara na mwingine hakumbukwi. Yeye mwenyewe alitamani siku moja wote wawe na jedwali moja la pointi, ingawa alikiri hajui mtu angezigawaje kwa haki, maana kuna kwenye mvua na kuna kwenye jua, na kuna mwenye kucheza mechi nyingi na mwenye kucheza chache.

Nikamwambia hilo la kombe kubaki kwa mwenyewe si haki hata kidogo. Nikamwambia kwetu wazee wakiamua kesi ya mbuzi wakaona pande zote mbili ni sawa, hawasemi mbuzi abaki kwa yule ambaye tayari amemfunga zizini, kwa sababu hapo watakuwa wamemlipa kwa kuwahi kamba. Bwana D'Mello alicheka mpaka akashika ile suruali isianguke. Khisa alikuwa pembeni ametupa mgongo, anapigilia mguu wa kiti. Hakugeuka. Nilidhani hasikii, kama siku zote.

Sasa nikueleze juu ya Kabazi. Kule ni juu, kwenye baridi, na mvua yao haikosi kuja alasiri kama mtu anayelipwa. Mwaka wa kwanza kanuni ilikuwa hivi: ukishinda unapata pointi nne, ukifungwa hupati, na droo haina kitu kwa yeyote. Mechi zote zilizochezwa kwao ziliishia kwenye mvua, na za ugenini jua lilitua kabla hazijaisha. Hawakufungwa na mtu hata mmoja mwaka mzima, na bado wakawa wa mwisho. Reli walifungwa mara moja na wakachukua kombe. Kapteni wa Kabazi, dereva wa trekta anayeitwa Kimutai, alimwuliza Bwana D'Mello kwa upole kwamba kama hakuna timu iliyowafunga, basi aliyewafunga ni nani, Mungu? Nadhani siku hiyo Bwana D'Mello hakulala vizuri.

Kwa wengine lilikuwa kombe tu, lakini kwa watu wa Kabazi halikuwa kombe tu. Kile kiwanja chao ni kipande cha shamba la yule Mzungu. Katika siku hizi za hali ya hatari, watu wakikaa pamoja watano wanaulizwa kibali, lakini kwa ajili ya kriketi aliwaruhusu vibarua wote, wake kwa waume, kukusanyika hapo kila Jumapili. Hapo ndipo wanaposali kabla ya mchezo, hapo wanapopatanisha ndoa zao, hapo mtu anapopata kujua ndugu yake wa shamba la pili ni mzima au amekufa. Baada ya kuwa wa mwisho, bwana wao aliwaambia kwamba kiwanja kisicholeta kombe ni ardhi inayolala, na kwamba wasipokuwa wa kwanza mwaka huu atakilima apande ngano. Trekta la kukilima ndilo analoendesha Kimutai.

Kamati ya kombe ikabadilisha kanuni. Bwana D'Mello aliiandika kwa Kiingereza, na akampa Karani Shebwana aigeuze iwe Kiswahili. Shebwana ni mtu wa Lamu, na Kiswahili chake kimepigwa pasi, ukimsikia akinunua kabeji tu unatamani uwe wewe hiyo kabeji. Aliandika vizuri kabisa: "Timu itakayotoka sare itapewa pointi mbili." Kwa watu wa Reli alieleza mwenyewe kwa mdomo, kwa sababu anakaa landi moja nasi, kwenye nyumba hizi hizi za wafanyakazi wa reli. Watu wa kiwanda wako mjini, waliuliza. Watu wa Longonot hupita stesheni kila siku. Kabazi walipelekewa ile karatasi na dereva wa lori la maziwa.

Mke wa Kimutai anaitwa Jerop. Huleta viazi sokoni, na amekuwa mteja wangu tangu nilipomshonea gauni la ubatizo wa mtoto wake. Akaja na ile karatasi ameikunja kwenye leso, akaniuliza, Mama Wamalwa, wewe unakaa na watu wa reli, hebu tuambie hii sare ni sare gani.

Dada, wewe ungejibu nini? Sisi tangu utoto sare ni sare ya kwaya. Akina mama wa kanisani wakivaa vitambaa vya rangi moja tunasema leo wametoka sare. Nikamwambia ni nguo za kufanana, timu ikija imevaa nguo moja inapewa pointi mbili, Wazungu wanapenda unadhifu. Akafikiri, halafu akasema basi ndiyo sababu Reli wana pointi kumi na wao wana nane, na wote wameshinda mechi mbili mbili. Nikakumbuka kwamba siku ile Reli walipocheza na Longonot, walikuwa wametoka kazini moja kwa moja na kaki zao. Mimi na Jerop tukatazamana tukaona mambo yamefunguka. Kumbe siku hiyo mechi ilikuwa droo, na pointi mbili zilitoka huko. Lakini Khisa akirudi nyumbani hasemi walichopata. Huvua viatu tu.

Basi wanawake wa Kabazi wakakusanya mifuko ya unga, ile ya kitambaa cheupe, wakaichemsha kwa magadi kuondoa maandishi ya kiwanda. Jerop akaniletea furushi, nami nikashona mashati na kaptula, kila kimoja kwa vipimo vya kamba yenye mafundo aliyoniletea. Maandishi mengine yalikataa kutoka. Mgongoni mwa Kimutai ungeweza kusoma kwamba yeye ni unga wa daraja la kwanza.

Khisa aliona zile nguo. Aliuliza za nani, nikamwambia za Kabazi. Akaguna. Hakuuliza kwa nini, nami sikumweleza, kwa sababu niliogopa ataona nawasaidia kumpokonya. Lakini kesho yake nilipokaa kushona, kanyagio lilikuwa limenyamaza. Nilidhani limejiponya lenyewe.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumapili iliyopita, huko huko Kabazi, Kabazi na Reli, na ilikuwa mara yao ya kwanza mwaka huu kucheza nyumbani. Nilipanda lori pamoja na timu, watoto nikamwachia Anyango. Reli walivaa kila mtu lake. Huyu shati la maua, huyu fulana, Owuor, yule mtupaji wao wa kasi, alikuja na suruali ya suti ya ndoa yake. Walijua maana ya ile kanuni, kwa hiyo hawakujisumbua. Kabazi walipotoka nyuma ya ghala la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, wakiwa weupe wote, wamepangana kwa mstari, akina mama walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Bwana D'Mello alivua kofia. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona fundi kuliko mafundi wote wa Nakuru.

Reli walipiga kwanza, wakapata mbio zao. Mchana Kabazi wakaanza kuzitafuta, na walizitafuta vizuri. Kimutai anapiga mpira kama mtu anayepasua kuni, bila hasira, lakini unakwenda. Zikabaki mbio chache sana, na mvua ilikuwa bado iko ng'ambo, kwenye ukingo wa bonde. Hapo Kimutai akaacha kupiga. Kila mpira ukija anauzuia tu, anauangusha miguuni, anasubiri mwingine. Watu wa Reli wakatazamana. Mimi nikamwuliza Jerop mumewe amechoka au vipi. Jerop akaniambia kwa furaha kwamba hachoki, ana akili. Alikuwa amehesabu. Reli wana kumi na wamekuja bila sare. Wao wana nane, na sare yao inawapa mbili, jumla kumi. Akijaribu kupiga kwa nguvu anaweza kutolewa wakafungwa, lakini asipotolewa hawafungwi, na watakuwa wa kwanza pamoja na Reli. Wa kwanza wawili bado ni wa kwanza. Akanishika mkono akasema yote hayo ni kwa sababu yangu.

Mvua ikaja kwa wakati wake. Tukakimbilia ndani ya ghala, sote, na harufu ile ya maua makavu, na yule Mzungu akaja na mbwa wake akasimama mlangoni. Bwana D'Mello akapanda juu ya sanduku, akatangaza kwamba mechi imetoka sare, kwa hiyo kila timu imeongezwa mbili, Reli kumi na mbili, Kabazi kumi, na bingwa ni Reli kama mwaka jana.

Kimutai akainua mkono, akasema samahani, lakini zile mbili za sare zao hazijasomwa. Bwana D'Mello akamwambia zimesomwa. Kimutai akasema hapana, hizo zilizosomwa wamepewa Reli pia, na Reli hawakutoka sare, tazameni wenyewe. Akashika shati lake. Mtu wa Reli mmoja akaelewa, akaanza kucheka, na kicheko kikazunguka ghala lote. Karani Shebwana alishika kichwa. Akaeleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunja chungu cha mwenyewe, kwamba kwao kutoka sare ni kulingana, kutoshindana, hiyo hiyo mnayoita droo. Hakujua bara neno hilo limeshavaa nguo.

Kimutai alikuwa anatazama nje, kwenye kiwanja. Dada, nilijua anafikiria nini. Zile mbio chache alikuwa nazo mkononi. Angezipiga kabla ya mvua na wangekuwa mabingwa bila kumwomba mtu, na aliziacha kwa neno langu. Jerop aliniachia mkono, si kwa hasira, ila aliuachia. Nilitamani lile ghala linimeze. Nikaanza kusema kwamba kosa ni langu, mimi ndiye niliyewaambia, lakini kicheko kilikuwa bado hakijaisha, na hakuna aliyenisikia.

Hapo Khisa akasimama.

Umewahi kumwona Khisa akisimama kuzungumza? Mimi sijawahi, hata siku ya mahari aliongea mjomba wake. Alisimama na ile fulana yake yenye tundu begani, ambalo mimi fundi sijalishona, akangoja mpaka wakanyamaza. Akasema kwamba karatasi ilikuwa moja lakini maelezo hayakuwa mamoja. Sisi watu wa reli tulielezwa barazani tukinywa chai, wao walishushiwa pamoja na madebe ya maziwa. Akasema kanuni ambayo upande mmoja unaijua na upande mwingine unaikisia si kanuni, hata ukiigawa kwa pointi ngapi. Akasema yeye kazi yake ni pointi. Gari la Kisumu likijikuta Eldoret, hakuna anayemwuliza dereva kwa nini hajui njia. Anaulizwa aliyeshika chuma. Kabazi wamekwenda pale karatasi ilipowapeleka, tena wamekwenda wamevaa vizuri. Wapewe mbili zao za nguo, na mbili za mechi, na Reli wapewe za mechi peke yake, kwa sababu nguo zao kila mtu anaziona.

Watu hawakucheka tena. Bwana D'Mello alikaa juu ya lile sanduku akafikiri, akamwuliza Shebwana kama maneno yale yanaweza kusomwa hivyo, na Shebwana akakiri kwamba kwa Kiswahili cha huku yanasomeka hivyo hivyo. Basi akasimama akasema ni haki, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Akina mama wa Kabazi walikuwa wamejaza pumzi za vigelegele. Lakini Bwana D'Mello ni mtu wa desturi, akaongeza kwamba kwa kuwa ni sawa kwa sawa, itafuatwa desturi ya wakubwa, kombe libaki kwa aliyekuwa nalo. Yaani Reli. Yule Mzungu pale mlangoni akamvuta mbwa wake ageuke waende.

Khisa alikuwa hajakaa. Akasema, na hapa nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka, "Mama Wamalwa husema kesi ikilingana, mbuzi habaki kwa aliyewahi kamba." Akachukua kombe pale mezani, akavuka ghala, akaliweka mikononi mwa Kimutai. Akamwambia wakae nalo mpaka Pasaka, halafu Reli watakuja kulichukua wakiwa wamevaa sare. Akarudi, akakaa, akatazama viatu vyake, na tangu hapo hakusema neno mpaka Nakuru.

Kiwanja kimesalimika, dada. Mzungu alirudi pale mlangoni, akalipokea lile kombe, akaligeuzageuza, akasema mwaka huu ngano itapandwa kwingine. Owuor alinung'unika njia nzima ndani ya lori, na wengine hawamsalimu Khisa mpaka leo, kwa hiyo usidhani sote tumekuwa malaika. Nilimwomba Jerop msamaha kabla hatujaondoka. Akaniambia ningewaeleza sawasawa wangekuja na matambara yao, na nani angesimama kumtetea mtu mwenye matambara? Sijui kama ni kweli au ni upole wake. Jumatano aliniletea kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, na gunia la viazi, na nimekutengea viazi vya mbegu, vitakuja na mtu.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hasa limenifanya nikuandikie, na zile karatasi nyingine zote zilikuwa njia tu ya kufika hapa. Unakumbuka, Namalwa, nilivyolia ndani ya jiko la Mama. Nilisema mnanipa mtu bubu. Nilisema nitazeeka nikizungumza na sufuria. Baba alikuwa tayari kuniachia, na wewe ndiye uliyemwambia asinisikilize, ukasema umemtazama huyu kijana kanisani na anatazama watu anapowasikiliza. Ukanipa cherehani yako mwenyewe, uliyokuwa ukiipenda, ukaniambia kama mume hasemi, hii itasema. Nilikuja nayo Nakuru nikiwa nimekununia. Nimekuandikia miaka yote hii kwamba tunaishi vizuri, na tuliishi vizuri, ananiheshimu, watoto wanakula. Lakini sijawahi kukuandikia zaidi ya hapo, kwa sababu hapakuwa na zaidi ya hapo.

Basi nakuandikia leo. Ndani ya lile ghala, aliposema yale maneno ya mbuzi, nilijua kwamba kila nilichosema jikoni, barazani, kitandani, nikidhani nauambia ukuta, kilikuwa kinaingia mahali. Njiani kurudi nilimwuliza polepole, lori likiruka ruka, kama ni yeye aliyetia mafuta kwenye kanyagio. Akatikisa kichwa kukubali. Dada, nampenda mume wangu. Mimi ni mama wa watoto wawili na nimeona haya kama msichana wa kisima, lakini nimeona lazima wewe uwe wa kwanza kujua, kwa kuwa ulijua kabla yangu. Nilikuwa sijakushukuru kwa ajili yake. Nakushukuru sasa, kwa ajili ya cherehani na kwa ajili yake, na Mungu akulipe pale mimi nisipoweza.

Msalimie shemeji na watoto wote. Msalimie Baba, umwambie anipunguzie kunigombeza ndotoni. Waambie akina mama wa kanisani kwamba kama wanataka sare mpya nitawashonea, lakini kwanza wanieleze ni sare gani. Wamalwa anakusalimu, na amesema kuna kosa moja kwenye barua hii ila hatanionyesha.

Khisa ameketi hapa mlangoni anashona mwenyewe lile tundu la fulana, vibaya sana, na nimemwacha. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia ni Namalwa. Akavuta uzi, akasema nikuandikie asante. Nikamwuliza asante ya nini. Akasema wewe unajua.

Basi asante ziko mbili hapa, yake na yangu, na kwa Kiswahili cha Shebwana tumetoka sare.

Mdogo wako akupendaye,
Milcah, Mama Wamalwa